Garimoshi la mvuke: Tuliuze kwa kilo au tulitunze litulipe?

Mfugaji mwenye ng'ombe aliyekoma kuzaa hahitaji mshauri. Anampima kwa jicho, anauliza bei mnadani, anapiga hesabu ya majani na dawa, kisha anaamua. Hesabu ya namna hiyo ndiyo iliyofanywa na mashirika mengi ya reli duniani wakati injini za dizeli zilipoingia na vichwa vya garimoshi vya mvuke vikabaki vimeegeshwa nyuma ya karakana. Vingi vilikatwa na kuuzwa kwa kilo. Vichache vilibakizwa, vikapakwa rangi na kuwekwa mahali ambapo watu wanaweza kuviona.

Makala haya yanahusu vile vichache. Swali letu ni la kibiashara. Je, mtambo uliostaafu unaweza kumlipa mwenye nao, pamoja na muuza machungwa aliye nje ya geti, kuliko bei ya chuma chakavu? Na kama unaweza, ni kwa masharti gani?

Mkulima na mfanyabiashara mdogo anaweza kudhani kuwa suala hili ni la watalii na wataalamu wa historia. Sivyo. Mitambo hiyo ilinunuliwa ili ibebe mazao, na ilijilipa kwa nauli za mizigo. Tena kanuni za kuitunza ni zile zile za kutunza trekta, mashine ya kusaga au mtambo wa kukoboa kahawa uliosimama ghalani.

Milima ya Tanzania iliyoko Nairobi

Mahali pazuri pa kuanzia ni Nairobi, karibu na stesheni ya zamani ya reli. Hapo ndipo yalipo Makumbusho ya Reli yaliyofunguliwa mwaka 1971, enzi za Shirika la Reli la Afrika Mashariki lililomilikiwa kwa pamoja na Kenya, Uganda na Tanzania. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 kila nchi ilibaki na reli zake, lakini injini zilizokwisha kuwekwa makumbusho zilibaki pale pale.

Mgeni kutoka Tanzania akisoma majina yaliyoandikwa ubavuni mwa injini hizo atashangaa. Moja ni namba 5918, inayoitwa Mount Gelai. Gelai ni mlima ulioko mkoani Arusha, karibu na Ziwa Natron. Nyingine ni namba 5930, Mount Shengena, kilele cha milima ya Pare wilayani Same. Ipo pia namba 3020, Nyaturu, iliyopewa jina la watu wa Singida.

Gelai na Shengena ni za daraja la 59. Daraja hilo lilikuwa na injini 34 zilizotengenezwa na kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester, Uingereza, katika miaka ya 1955 na 1956, na zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Kila moja ilikuwa na uzito wa zaidi ya tani 250 ikiwa na maji na mafuta, na urefu wa zaidi ya meta 30. Ndizo injini za mvuke zenye nguvu kubwa kuliko zote zilizowahi kutembea kwenye reli ya upana wa meta moja, popote duniani.

Sababu ya kununuliwa kwake ni ya kiuchumi. Baada ya Vita Kuu ya Pili mizigo iliongezeka kuliko uwezo wa reli. Njia ya kutoka Mombasa hadi Nairobi ni zaidi ya kilometa 500, tena inapanda kutoka usawa wa bahari hadi meta 1,600 na zaidi. Kufumua reli na kuweka ya upana mwingine kungegharimu fedha nyingi mno. Njia rahisi ikawa ni kupata injini yenye nguvu mara mbili ambayo haitavunja reli wala kuacha njia kwenye kona.

Mhandisi Mwingereza, Herbert William Garratt, alikwisha kulitatua tatizo hilo mwaka 1907. Alichukua boila moja kubwa akaining'iniza katikati ya injini mbili, moja mbele na moja nyuma, kila moja ikiwa na magurudumu na pistoni zake. Uzito unagawanyika kwenye magurudumu mengi, na mtambo unajikunja kwenye kona kama jongoo. Injini ya daraja la 59 ina magurudumu 28, na kati ya hayo 16 ndiyo yanayosukumwa na mvuke. Wafanyakazi wa garimoshi moja waliweza kuvuta mzigo ambao zamani ungehitaji injini mbili.

Kufikia mwaka 1980 injini zote 34 zilikuwa zimeondolewa kazini. Leo zimebaki mbili tu, Gelai na Shengena. Nyingine 32 zimekwenda.

Mkulima ndiye aliyezilipia

Reli ya kutoka Mombasa ilianza kujengwa mwaka 1896 ikafika Ziwa Victoria mwaka 1901. Upande wa Tanzania, reli ya Tanga ilianza mwaka 1893 ikafika Moshi mwaka 1911, na Reli ya Kati ikafika Kigoma mwaka 1914. Baada ya ujenzi, kilichoziweka reli hizo hai ni mizigo, na sehemu kubwa ya mizigo iliyoteremka kwenda bandarini ilikuwa mazao ya shamba: pamba, kahawa, mkonge, chai na mahindi.

Kila gunia lililopakiwa lilikatwa nauli kabla mkulima hajapata chake. Kwa hiyo bei aliyolipwa kwa pamba yake ilikuwa bei ya bandarini ikitolewa gharama za njiani. Gharama ya njiani ikipanda, mkulima anapunjika. Ikishuka, anapata nafuu. Injini iliyoweza kuvuta mzigo mkubwa kwa mafuta kidogo zaidi kwa kila tani ilikuwa na maana hadi shambani.

Nalisema hili kwa sababu makumbusho mengi ya reli husimulia habari za magavana, wahandisi na simba. Nairobi lipo behewa ambamo ofisa wa polisi, Charles Ryall, alikamatwa na simba na kuuawa katika stesheni ya Kima mwaka 1900, na wageni hulitafuta behewa hilo. Hakuna ubaya, kwani hadithi ndiyo bidhaa inayouzwa makumbusho. Lakini mwana wa mkulima wa kahawa wa Kilimanjaro au wa pamba wa Shinyanga akikuta ubao unaomweleza jinsi gunia la baba yake lilivyosafiri na nani alichukua kiasi gani, naye ataona kiingilio chake kimemlipa. Huyo ndiye mteja wa karibu, na wako wengi kuliko watalii wa ng'ambo.

Tupige hesabu

Tuchukue mfano. Tarakimu zifuatazo ni za kuonyesha njia ya kufikiri. Msomaji aweke bei za mahali alipo.

Tuseme injini kubwa inatoa tani 150 za chuma kinachouzika, na mnunuzi wa chuma chakavu analipa Sh500 kwa kilo. Hiyo ni Sh milioni 75. Toa gesi ya kukatia, vibarua na usafiri, tuseme Sh milioni 15. Mkononi zinabaki Sh milioni 60, mara moja, na mchezo umekwisha.

Sasa tuseme injini hiyo haikatwi. Inajengewa paa na uzio kwa Sh milioni 40. Walinzi, mkata tiketi, fundi, rangi na grisi vinagharimu Sh milioni 2.5 kwa mwezi, yaani Sh milioni 30 kwa mwaka. Kiingilio ni Sh3,000. Ili kutokula hasara katika uendeshaji wanahitajika wageni 10,000 kwa mwaka. Kwa siku 300 za kazi, hao ni wageni 34 kwa siku.

Wakija 60 kwa siku, mapato ni Sh milioni 54 na ziada ni Sh milioni 24 kwa mwaka. Ziada hiyo itafidia Sh milioni 60 za chuma chakavu ulizoziacha, pamoja na Sh milioni 40 za paa, ndani ya mwaka wa tano. Kuanzia hapo ni faida. Lakini wakija 20 tu, mapato ni Sh milioni 18 na kila mwaka unatoboka Sh milioni 12. Injini ni ile ile na rangi ni ile ile. Tofauti ni idadi ya watu wanaopita getini.

Ipo hesabu nyingine ambayo haiingii katika daftari la makumbusho. Wale wageni 60 hunywa maji, hula chipsi au wali, hupanda bodaboda na kununua matunda. Kila mmoja akitumia Sh2,000 nje ya geti, hizo ni Sh milioni 36 kwa mwaka zinazoingia mifukoni mwa mama lishe, wauza matunda na wakulima wanaowauzia. Ndiyo maana halmashauri ya mji, ambayo hukusanya ushuru kwa wafanyabiashara hao, ina sababu ya kuchangia paa hata kama injini si mali yake.

Kusimamisha si kutunza

Kosa linalofanyika mara nyingi ni kudhani kuwa ukiivuta injini mpaka mbele ya stesheni na kuipaka rangi umeitunza. Rangi inaficha kutu kwa misimu miwili au mitatu tu.

Adui wa kwanza ni maji. Boila, matangi na mabomba lazima yamwagwe maji yote na kukaushwa. Bomba la moshi lifunikwe, kwa sababu mvua inayoingia ndani hukutana na masizi yenye salfa na kutengeneza tindikali inayokula chuma kutoka ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Kwa hiyo paa linatangulia rangi. Mwenye shilingi chache ajenge paa la mabati kwanza.

Adui wa pili ni mwizi. Shaba ina bei. Vibao vya majina, mita za mvuke, koki na mabomba ya shaba huondoka usiku mmoja, na injini iliyopoteza jina lake imepoteza nusu ya thamani yake mbele ya wageni. Vifaa vidogo vifunguliwe na kuhifadhiwa ndani ya jengo, na nje viwekwe vya kuigiza.

Adui wa tatu ni kusimama. Fimbo zinazozungusha magurudumu na beringi zake zipakwe grisi, na ikiwezekana injini isogezwe kidogo mara kwa mara ili uzito usikae mahali pamoja. Mwenye trekta anayelijua tairi lililokaa miaka mitatu bila kuzunguka hahitaji maelezo zaidi.

Jambo la nne ni la afya. Boila za zamani zilivikwa asbesto ili joto lisipotee. Vumbi lake likivutwa huharibu mapafu na huweza kuleta saratani miaka mingi baadaye. Asbesto iondolewe na watu wenye ujuzi na vifaa, kabla watoto wa shule hawajaruhusiwa kupanda. Hali hiyo hiyo ipo katika mitambo ya mvuke ya viwanda vya zamani vya mazao, na wanaoikata kwa ajili ya chuma chakavu bila kinga wanajiweka hatarini.

Ya kusimama na ya kutembea

Injini inayotoa moshi na kupiga honi huvuta watu wengi kuliko iliyolala. Mount Gelai ilifufuliwa mwaka 2001 na kuvuta tena mabehewa yenye abiria. Lakini gharama ni nyingine kabisa.

Boila ni chungu chenye moto upande mmoja na maji yenye mgandamizo mkubwa upande wa pili. Ukuta wake ukidhoofika, ni bomu. Kwa hiyo ni lazima ikaguliwe na kujaribiwa kwa mgandamizo wa maji kabla haijawashwa moto. Nchini Uingereza utaratibu wa kawaida ni kuifumua boila yote kila baada ya miaka 10 hivi, na kazi hiyo hula fedha nyingi kuliko matengenezo mengine yote. Vipuri havipo dukani. Lazima vichongwe kimoja kimoja.

Reli nyingi za kihistoria duniani haziishi kwa tiketi peke yake. Huendeshwa kwa mchanganyiko wa tiketi, mgahawa, duka, michango na kazi ya kujitolea. Anayetaka kuwasha injini kubwa kwa matumaini ya tiketi tu atafunga ndani ya muda mfupi. Njia ya busara ni kuchagua injini moja ndogo itembee siku chache za mwaka, nyingine zisimame vizuri chini ya paa.

Waliofanikiwa wamefanya nini?

Huko Wales kuna reli nyembamba iitwayo Welsh Highland, ya upana wa milimeta 597 na urefu wa kilometa 40 hivi, iliyokamilika kufufuliwa mwaka 2011. Nyingi za injini zake kubwa zilitengenezwa Manchester, zikapelekwa Afrika Kusini kufanya kazi, zikastaafu huko, kisha zikarudishwa Uingereza. Mojawapo ni namba 143 ya mwaka 1958, Garratt ya mwisho kutoka katika kiwanda hicho cha Manchester. Leo zinavuta watalii, na hoteli na maduka ya vijiji vya njiani yanafaidika. Mtambo uliochoka Afrika umekuwa mtaji Wales, kwa sababu huko kulikuwa na watu walioupangia kazi.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na wasomaji wa ukurasa huu. Karibu na mji wa Ficksburg, katika jimbo la Free State nchini Afrika Kusini, mpakani na Lesotho, liko shamba la kibiashara la Sandstone. Wenye shamba wamekusanya injini za mvuke za reli nyembamba, wakatandika reli ya zaidi ya kilometa 20 kupitia mashamba yao, na kuongeza matrekta ya zamani na mikokoteni ya ng'ombe. Kilimo kinaendelea kama kawaida. Wakati wa maonyesho wageni hutoka nchi mbalimbali kuja kupanda garimoshi na kutazama jinsi wakulima walivyolima.

Tusidanganyane: lile ni shamba kubwa lenye mtaji mkubwa. Hata hivyo somo lake linamfaa hata mwenye ekari tano. Wao hawakungoja garimoshi liwalishe. Shamba ndilo linalolisha, na mitambo ya kale ni chanzo cha pili kilichokaa juu ya kazi inayojilipa.

Kwetu tuanzie wapi?

Tanzania ilianza safari za treni ya umeme kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, na mwezi uliofuata zikafika Dodoma. Kenya ilizindua reli yake mpya kutoka Mombasa hadi Nairobi mwaka 2017. Kila mara kitu kipya kinapoingia, cha zamani hutazamwa kama takataka inayoziba nafasi, na mnunuzi wa chuma chakavu huwa wa kwanza kubisha hodi. Kwa hiyo maamuzi yafanyike kabla hajafika.

Si kila chuma chenye kutu kinafaa kutunzwa. Maswali manne yatasaidia kuchagua. Je, ni cha pekee au viko vingi? Je, bado kimekamilika au kimebaki ganda? Je, kiko mahali ambapo watu hufika, kama karibu na stendi, stesheni au njia ya watalii? Na je, yupo mwenye jukumu la kulipa mlinzi mwezi ujao? Mtambo unaokosa majibu mazuri kwa mawili kati ya hayo ni afadhali uuzwe, na fedha yake ijenge paa la ule uliobaki.

Katika mashamba ya mkonge, vinu vya pamba na viwanda vya kahawa, viongozi wa ushirika wanaweza kuanza na jambo lisilo na gharama: kuorodhesha mitambo iliyopo, mwaka na mahali ilipotengenezwa, na kupiga picha vibao vyake. Orodha hiyo pekee inamwezesha mwenye mali kujadiliana bei kwa macho mawili, kwa sababu mnunuzi wa kilo hatakwambia kuwa kibao kile kinatafutwa na makumbusho.

Jambo la mwisho haliwezi kungoja paa wala bajeti. Kijana aliyekuwa na miaka 25 akiwasha moto wa injini ya mvuke mwaka 1980 sasa ni mzee aliyekwisha kufika miaka 70. Yeye ndiye anayejua sauti ya boila yenye afya na ile yenye hatari, na jinsi ya kufungua koki isiyofunguka bila kuivunja. Miji kama Tabora, yenye chuo cha reli na wastaafu wengi wa reli, ina hazina hiyo ikikaa barazani. Vyuo viwaalike wazee hao, viwalipe posho, viandike na kurekodi wanayoyajua. Chuma kikitunzwa vizuri kinaweza kusubiri miaka mingine 20. Wao hawawezi.